Stima Iliyopita Nchi Kavu: Uhakiki wa Picha ya Graf von Götzen kwa Mtazamo wa Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Picha ya stima Graf von Götzen ikiwa juu ya maji ya Ziwa Tanganyika ni miongoni mwa picha za enzi ya Wajerumani zinazochapwa tena na tena kila Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki vinapoandikwa. Stima imepigwa ubavu, kutoka omo hadi tezi, bomba lake moja la moshi likiwa limesimama juu ya sitaha. Chini ni maji, juu ni anga. Hakuna chochote ndani ya picha kinachomwambia mtazamaji kwamba chombo hicho hakikufika ziwani kwa njia ya maji. Kilifika kwa nchi kavu, kikiwa vipande vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, na njia yake ilipita Kilosa.

Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba picha hiyo imesomwa kwa muda mrefu kutoka mahali pawili tu: kutoka ziwani, ambako stima ilitumika, na kutoka Papenburg nchini Ujerumani, ambako iliundwa. Msomaji aliyesimama katika mojawapo ya mahali hapo huona muujiza wa uhandisi. Akisimama Kilosa, mji wa reli ulio bondeni mwa mto Mkondoa, mto usioweza kubeba stima ya ukubwa wowote, huona jambo jingine: picha inaonyesha mwisho wa kazi na kuuita mwanzo. Mikumi, iliyo kusini mwa Kilosa, inaingia katika mjadala kwa sababu ndiko mizigo ilikoelekezwa baada ya reli iliyoileta stima kukatwa vitani, na kwa sababu ardhi yake hadi leo inapigwa picha kwa desturi ileile ya kumwondoa mpitaji ndani ya fremu.

Uhakiki unaongozwa na Simiotiki, hasa kama ilivyoendelezwa na Roland Barthes. Katika Mythologies, kitabu cha mwaka 1957, Barthes alichambua jalada la gazeti la Paris Match lililomwonyesha kijana Mwafrika aliyevaa sare za jeshi la Ufaransa akipiga saluti. Hakudai kwamba picha ile ilikuwa ya uongo. Kijana alikuwapo, na saluti aliipiga. Alichokionyesha ni kwamba ukweli huo wa wazi ulibebeshwa maana ya pili, kwamba dola la Ufaransa ni jema na watu wake wote wanalitumikia kwa hiari, na kwamba maana hiyo ya pili ilipata nguvu kwa kujificha nyuma ya ukweli wa kwanza. Kwa maneno mengine, historia ilivishwa sura ya maumbile. Picha ya Götzen ni mfano mzuri wa utaratibu huo, na pengine ni mgumu zaidi kuuvunja, kwa kuwa ndani yake hamna hata mtu mmoja wa kuulizwa anamtumikia nani.

Picha ya stima kama aina

Mwanzoni mwa karne ya 20 picha ya stima ilikuwa kitu cha kawaida Ulaya. Katika Uholanzi, nchi iliyochanjwa na mifereji, stima ndogo za abiria na mizigo zilipigwa picha zikipita mferejini au zikiwa zimefungwa gatini, na picha hizo ziliuzwa kama kadi za posta. Mpigapicha alisimama ukingoni. Kwa sababu mfereji ni mwembamba, ukingo wa pili huingia katika fremu utake usitake: nyumba, miti, mtu aliyeegemea baiskeli, watoto waliokatiza mchezo ili waitazame kamera. Stima katika picha za namna hiyo ina kwao. Mtazamaji anajua inatoka mji gani na inakwenda mji gani, na pengine anawajua wanaoipungia mikono.

Papenburg haiko mbali na picha hizo. Ni mji wa Emsland, karibu na mpaka wa Uholanzi, ulioanzishwa karne ya 17 juu ya ardhi oevu ya mboji kwa mfano wa makazi ya Kiholanzi, na mifereji yake inapita katikati ya mitaa. Kampuni ya Meyer imeunda meli hapo tangu mwaka 1795. Si ajabu kwamba Kiswahili cha karne ya 19 kilimwita Mjerumani Mdachi, jina litokanalo na Deutsch, ambalo masikioni linakaribia sana lile ambalo Waingereza humpa Mholanzi; na ingawa ukaribu huo ni wa sauti tu, kwa Papenburg unakuwa ukaribu wa mahali pia. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alilitumia jina hilo katika utenzi wake kuhusu vita vya Wadachi kuutamalaki Mrima. Katika utenzi huo Wadachi na vyombo vyao wanatazamwa kutoka pwani, kwa macho ya wanaofikiwa. Tofauti hiyo ya mahali pa kusimama ni muhimu kwa uhakiki huu kuliko tofauti ya tarehe.

Picha ya Götzen ziwani imeirithi aina ya Ulaya na kuipunguza. Imebaki na ubavu wa chombo, utulivu wa maji na fahari ya bomba la moshi, lakini ukingo wa pili umetoweka. Kwa kiasi fulani jambo hili ni la maumbile: Ziwa Tanganyika si mfereji, na mpigapicha asingeweza kuuleta ukingo wa Kongo karibu ili amridhishe mhakiki. Hata hivyo matokeo ni yaleyale. Stima isiyo na ukingo wa pili haina majirani. Inaonekana kama kitu kilichotokea, si kitu kilicholetwa.

Kilichomo, kisichomo, na kilicho cha mti

Götzen iliundwa kwa muda huko Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa, vipande vikatiwa alama na kufungwa masandukuni, vikasafirishwa kwa bahari kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam. Waundaji meli watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walitumwa kuiunda upya Kigoma. Stima, yenye urefu wa takriban mita 71, ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Tarehe 26 Julai 1916 ilizamishwa na Wajerumani wenyewe isitekwe, mitambo ikiwa imepakwa grisi nyingi ili isioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Hayo yanajulikana sana, na hayahitaji kurefushwa.

Yanayohitaji kurefushwa ni mambo mawili ambayo picha inayabeba bila kuyatangaza. La kwanza ni silaha. Manowari Königsberg ilipoharibiwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake iliokolewa na kugawanywa, na mmoja wa milimita 105 ukafungwa juu ya Götzen. Baadaye mzinga huo ulihitajika katika mapigano ya nchi kavu, ukaondolewa, na inasimuliwa kwamba mahali pake pakawekwa mfano wa mti. Kwa adui aliyetazama kwa darubini, mti ule ulikuwa chuma. Hapa kuna funzo dogo kuhusu utazamaji: stima yenyewe ilikwishageuzwa picha kabla ya kamera kufika, ikawa umbo lililokusudiwa kusomwa kwa mbali na kuogopwa. Mhakiki anayeichukua picha ya wakati ule kama ushahidi wa nguvu za Wajerumani ziwani anajiweka mahali pa yule mwenye darubini.

La pili ni ukamilifu. Picha ya ubavu inadai kitu kizima, na kwa kawaida hungoja hadi kazi iishe. Ziko pia picha za ujenzi wa Kigoma, mataruma ya chuma yakiwa yamesimama kama mbavu ufukweni, na ndizo zinazomkaribisha mfanyakazi ndani ya fremu. Lakini picha inayokumbukwa, ile inayopewa nafasi ya nusu ukurasa, ni ya stima iliyokwisha. Sanduku halina ubavu wa kupigwa picha. Masanduku 5,000 yakipita kituoni kwa siku na wiki, yakiwa yamefunikwa ndani ya mabehewa ya reli yaleyale yanayobeba pamba na mchele, hayampi mpigapicha tukio. Kwa hiyo sehemu ya safari iliyohitaji mikono mingi zaidi ndiyo isiyopigika.

Jambo hili si udhaifu wa mpigapicha mmoja. Ni sharti la chombo chenyewe, na inafaa kulilinganisha na sanaa nyingine iliyokuwapo wakati huohuo. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Msimulizi wa namna yake haoni shida kusimulia vipande: kituo baada ya kituo, mtawala baada ya mtawala, hongo iliyodaiwa, chakula kilichopatikana au kukosekana, mizigo na waliobeba mizigo. Kwake njia ndiyo habari yenyewe, na kufika ni tukio moja tu miongoni mwa mengi. Nathari ya Kiswahili ya safari, kwa hiyo, ilikuwa tayari na uwezo wa kusimulia jinsi kitu kizito kinavyosogea bara, uwezo ambao kamera ya miguu mitatu na sahani zake za kioo haikuwa nao. Mtafiti wa picha za kikoloni anayeiacha nathari hiyo nje ya kazi yake anajinyima kifaa kilichokuwa karibu.

Kutoka Kilosa

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya kampuni ya Philipp Holzmann. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, umbali wa takriban kilomita 1,250. Kilosa iko takriban kilomita 280 kutoka pwani, kwenye mguu wa milima ya Usagara. Kabla ya hapo njia inakatiza uwanda wa Mkata na mashamba ya Kimamba, ardhi tambarare ambako reli inanyooka bila tatizo. Baada ya Kilosa inaingia katika bonde la Mkondoa, ikaufuata mto kupitia Munisagara na Kidete hadi ifike Gulwe na nyanda za juu za Ugogo. Hapa ndipo tambarare inapokwisha na kupanda kunapoanza. Misafara ya karne ya 19 ilipita bonde hilohilo, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliuandika mto huo kwa jina la Mukondokwa na kulalamikia sana matope yake.

Bonde la Mkondoa ni mahali pa kujifunzia kwamba reli si mstari kwenye ramani. Mto hupanda, hula tuta, hubeba mchanga na kuuweka juu ya mataruma ya reli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaondoa maelfu ya wakazi wa Kilosa makwao na kuharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama. Anayejua hayo hawezi kuisoma stima ya Kigoma kama kitu kilichotokea. Kila sanduku lililofika ziwani lilikuwa limepita juu ya tuta ambalo watu walilijaza udongo kwa mikono, na lililopaswa kujazwa tena kila mvua ilipolila. Wajenzi wengi wa reli hiyo walikuwa Wanyamwezi, watu ambao jamii yao ilikuwa imeijua njia hiyohiyo kwa miguu kama wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito wa takriban kilo 30. Reli iliutoa mzigo huo kichwani na kuuweka ndani ya behewa, na ndiyo maana ikawezekana kufikiria chombo cha mita 71 juu ya ziwa lililo mbali na bahari kiasi kile. Kwa maana hiyo stima ya Kigoma ni tunda la reli, na reli ni tunda la bega. Picha inamwonyesha mtazamaji tunda la mwisho peke yake.

Hapa ni lazima kutoa tahadhari. Uhakiki wa picha za kikoloni umezoea kumtafuta asiyeonekana na, baada ya kumkosa, kumwandikia hisia. Makala hii haikusudii kufanya hivyo. Hakuna kitu ndani ya picha ya Götzen kinachothibitisha mateso ya kibarua wa Kilosa, na kumwingiza kwa nguvu ni kurudia kosa la Paris Match kwa upande wa pili: kumfanya mtu awe alama ya hoja ya mwingine. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kidogo zaidi na kina nguvu zaidi. Njia ilikuwapo, ilijengwa, inajulikana ilipita wapi na mwaka gani ilifika kila mahali. Picha haiihitaji njia hiyo ili ieleweke. Na uwezo huo wa kueleweka bila njia ndio maana ya pili ambayo Barthes alifundisha kuitafuta.

Mwaka 1916 uhusiano huo ulijitokeza kwa namna isiyopingika. Stima ilizamishwa mwishoni mwa Julai. Mwezi uliofuata, Agosti, majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na van Deventer yaliichukua Kilosa, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kuvunja madaraja ya Reli ya Kati. Ndani ya majira yale yale ya kiangazi, stima ilikuwa chini ya maji na njia iliyoileta ilikuwa imekatwa. Mapigano yakageukia kusini, kutoka Kilosa kupitia ukanda wa Mikumi hadi Kidodi, ambako hapakuwa na reli. Mzigo ulirudi kichwani. Wapagazi wa vita hivyo ndio waliotuachia jina la Kariakoo, linalotamkwa kila siku sokoni Dar es Salaam na wengi wasiokumbuka kwamba asili yake ni kikosi cha wabebaji. Hivyo safari ile ya kutoka kichwani hadi behewani, ambayo picha ya 1915 inaifanya ionekane imekwisha milele, ilidumu miaka michache tu kabla ya kurudi ilikotoka.

Jina ubavuni

Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905 chini ya utawala wake na kuzimwa kwa mbinu ya kuchoma mazao na maghala, iliyoleta njaa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika hadi 300,000. Mwaka 1909, mwaka uleule reli ilipofika Kilosa, Götzen alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu uasi huo. Vuguvugu la Maji Maji lilikuwa limefika Kilosa na katika milima ya Wavidunda, juu ya Kidodi.

Ukweli huo unaibadilisha picha kuliko nadharia yoyote. Jina lililoandikwa ubavuni mwa stima ni la mtu ambaye chini ya amri yake sehemu ya nchi ambamo stima ilipitishwa ilikuwa imeadhibiwa miaka minane au tisa kabla. Kwa mtazamaji wa Papenburg jina hilo ni heshima ya kawaida kwa mtumishi wa dola. Kiashiria na kiashiriwa vinakaa pamoja bila mgogoro. Kwa mtazamaji wa Kilosa mwaka 1914, kama angeambiwa kilichomo masandukuni na kitaitwaje, kiashiria hicho kingekuwa na kiashiriwa kingine kabisa. Hakuambiwa, masanduku yalikuwa yamefungwa. Inashangaza kidogo kwamba vitabu vinavyosomwa zaidi kuhusu stima hii, kile cha Giles Foden cha mwaka 2004 kuhusu msafara wa Waingereza na riwaya ya Alex Capus ya mwaka 2007 kuhusu waundaji wa Papenburg, vimeweka katikati mwa simulizi wageni waliotoka mbali kuja ziwani. Ni vitabu vizuri, na waandishi wake wana haki ya kuchagua wahusika. Lakini jumla ya machaguo hayo, pamoja na African Queen ya C. S. Forester ya mwaka 1935 na filamu yake ya mwaka 1951, imeifanya stima kuwa mali ya ziwa na ya Ulaya, na ardhi ya katikati imekuwa nafasi tupu ya kurukwa.

Maelezo chini ya picha

Barthes alieleza, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya taswira, kwamba maneno yanayoambatana na picha hufanya kazi ya nanga: huizuia maana isielee. Kwa picha za enzi ya Wajerumani nanga hiyo imeshikiliwa kwa sehemu kubwa na hifadhi za nyaraka. Mkusanyiko wa Walther Dobbertin, mpigapicha aliyefanya kazi katika koloni hilo kabla ya vita na wakati wa vita, umo katika Bundesarchiv ya Ujerumani, na Desemba 2008 hifadhi hiyo ilianza kuziweka makumi ya maelfu ya picha zake, za Dobbertin zikiwamo, katika mtandao wa Wikimedia Commons ili zitumiwe na umma. Ni hatua iliyowasaidia sana watafiti wa Afrika ambao wasingeweza kumudu safari ya Koblenz. Hifadhi imeambatanisha pia angalizo kwamba maelezo ya awali yamebakizwa kwa ajili ya kumbukumbu na huenda yana makosa, upendeleo au mitazamo iliyopitwa na wakati.

Angalizo hilo ni la uaminifu, lakini linashughulikia kosa la aina moja tu, yaani neno baya lililoandikwa. Haliwezi kushughulikia neno ambalo halikuandikwa. Maelezo ya picha za stima kwa kawaida hutaja jina la chombo, ziwa na mwaka. Yote matatu yanaweza kuwa sahihi na bado nanga ikawa imetupwa mahali pasipofaa, kwa sababu maelezo yenye jina, ziwa na mwaka yanamwelekeza msomaji kutafuta habari zaidi za jina, ziwa na mwaka. Mtafiti anayetafuta Kilosa katika katalogi hatakutana kamwe na stima hii, na anayetafuta stima hatakutana na Kilosa. Liko pia kosa dogo linalojirudia, la kuiita Liemba katika picha zilizopigwa kabla ya mwaka 1927. Linaonekana kuwa la kipuuzi, ila lina madhara: linaondoa jina la Götzen, na pamoja nalo Maji Maji, kwa kalamu ya mtu aliyedhani anasaidia.

Mikumi na desturi inayoendelea

Tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu lilijengwa miaka ya 1960, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Mambo hayo mawili ni ya muongo mmoja na ya ardhi moja, lakini ni vigumu kuyakuta katika picha moja. Picha za Mikumi zinazosambazwa ni za bwawa la viboko, tembo na twiga, na uwanda wa Mkata ukiwa wazi hadi milimani. Hazina reli, hazina mpagazi wa 1916, hazina hata barabara kuu inayoikata hifadhi na ambayo kila abiria wa Iringa na Mbeya anaijua. Mpigapicha wa utalii ana sababu yake, kama alivyokuwa nayo mpigapicha wa stima: mteja wake amelipia nyika, na nyika yenye tuta la reli haiuziki. Fremu ya Mikumi na fremu ya Götzen zinafanana kwa jambo hili moja, kwamba kila moja inapata utulivu wake kwa kuiondoa njia. Kufanana huko kusitiwe chumvi; tembo hakuletwa masandukuni.

Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inapita Kilosa kwa mahandaki na madaraja, na ujenzi wake umepigwa picha nyingi kuliko kipande kingine chochote cha ardhi ya wilaya hiyo. Safari hii njia ndiyo iliyopewa fremu. Mtafiti atakayezikusanya picha hizo atakuwa na nafasi ambayo mwandishi wa katalogi ya 1915 hakuitumia, ya kuuliza na kuandika majina ya walio ndani ya picha wangali hai.

Kwa picha ya zamani nafasi hiyo imepita, lakini maelezo yake yanaweza kuandikwa upya kwa mambo yanayojulikana. Yanayopendekezwa hapa kwa hifadhi yoyote itakayoyahitaji ni haya: Stima Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafumuliwa na kusafirishwa masandukuni kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kwa Reli ya Kati kupitia Morogoro, Kilosa, Dodoma na Tabora hadi Kigoma, ambako iliundwa tena na kushushwa majini Februari 1915. Imepewa jina la gavana wa koloni wakati wa Vita vya Maji Maji. Tangu 1927 inaitwa Liemba. Wabebaji, wajenzi wa reli na mafundi Waafrika: majina hayakuandikwa.